Namna ya Kuandaa Tangazo la Sinema na Kulifikisha Kwenye Skrini Kabla ya Filamu Kuanza

Mtu anayetazama runinga nyumbani ana kitufe cha kuzima sauti, anaweza kuinuka wakati wowote, na mara nyingi simu yake iko mkononi. Aliyekaa kwenye ukumbi wa sinema amekwisha kulipa tiketi, amezama kitini, taa zimeanza kufifia, na mbele yake hakuna cha kutazama isipokuwa ukuta mmoja mkubwa unaowaka. Hali hiyo ndiyo inayouzwa pale mfanyabiashara anapolipia tangazo la kuonyeshwa kabla ya filamu, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya tangazo baya liudhi zaidi sinemani kuliko mahali pengine, kwa sababu mtazamaji hana pa kukimbilia.

Makosa mengi niliyokutana nayo katika kazi hii yana chanzo kimoja: mtu huchukua tangazo lililotengenezwa kwa ajili ya runinga au simu na kulipeleka sinema kama lilivyo. Maandishi hayasomeki kutoka safu ya nyuma, sauti inasikika ya upande mmoja, weusi unageuka kijivu, na fedha zimekwisha kulipwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ukumbini, na kila hatua inayofuata inarejea huko. Umeandikwa kwa ajili ya mwenye biashara au taasisi inayotaka kutangaza, na pia kwa mtayarishaji wa video ambaye hajawahi kupeleka kazi yake kwenye jumba la sinema.

Hatua ya kwanza: Kaa ukumbini kabla ya kutoa fedha

Nunua tiketi kama mtu mwingine yeyote, fika dakika ishirini kabla ya saa iliyoandikwa, na uwe na saa pamoja na daftari dogo. Katika majumba mengi utaona mpangilio unaofanana. Kwanza huonyeshwa picha zisizosogea au video fupi huku taa zikiwa zimewaka na watu wakitafuta viti vyao. Ikifika saa iliyochapishwa kwenye tiketi, taa hupunguzwa na matangazo yenyewe huanza. Baada ya hapo huja trela za filamu zijazo, halafu onyo la kuzima simu, na mwisho filamu.

Andika mambo manne: ni viti vingapi vimejaa kila tangazo linapoanza, taa zina mwanga kiasi gani, sauti iko juu au chini ikilinganishwa na ya trela, na kama kingo za picha zinakatwa na mapazia ya pembeni. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilishangaa kugundua kwamba karibu nusu ya watu waliotazama filamu hiyo hawakuwa wameingia wakati tangazo la kwanza linapita. Aliyelipia nafasi ile alikuwa anaviambia viti vitupu habari za bidhaa yake.

Ndiyo maana nafasi hazilingani bei. Kadiri tangazo linavyosogea karibu na filamu, ndivyo ukumbi unavyokuwa umejaa na taa zinavyokuwa zimezimika zaidi. Nchini Uingereza nafasi ya mwisho kabisa, ile inayokuja baada ya trela, huitwa nafasi ya dhahabu na huuzwa peke yake. Nchini Marekani kampuni ya National CineMedia ilianza mwaka 2019 kuuza nafasi iliyo katikati ya trela katika baadhi ya majumba, jambo ambalo baadhi ya watazamaji hawakulipenda, kwa kuwa walikuwa wamezoea kwamba trela zikianza matangazo yamekwisha. Ukitaka maoni yangu, nafasi ya pili au ya tatu kutoka mwisho wa fungu la matangazo inatosha kwa mwenye bajeti ndogo. Tofauti ya watu waliomo ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Hatua ya pili: Hesabu watu, usihesabu skrini

Katika nchi nyingi jumba la sinema haliuzi matangazo lenyewe. Huipa kampuni moja haki ya kuuza muda wote ulio kabla ya filamu, na kampuni hiyo ndiyo utakayojadiliana nayo: Uingereza ni DCM na Pearl & Dean, Marekani ni National CineMedia na Screenvision, Australia ni Val Morgan. Majumba madogo yanayojitegemea mara nyingi huuza yenyewe, na hapo meneja ndiye mtu wa kuonana naye ana kwa ana.

Matangazo huuzwa kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni kununua kwa jumba au skrini kwa wiki, bila kujali filamu inayoonyeshwa. Hii humfaa mwenye biashara iliyo karibu na jumba lile. Ya pili ni kuifuata filamu fulani popote inapoonyeshwa, kwa kuwa watazamaji wake ndio wateja unaowataka. Ya tatu ni kununua idadi ya watazamaji: muuzaji anaahidi kwamba tangazo litaonwa na watu kadhaa, na analiacha likiendelea mpaka idadi hiyo itimie.

Ukiuziwa kwa wiki, fanya hesabu mwenyewe. Tuseme jumba lina skrini nne, kila skrini ina maonyesho matano kwa siku. Hayo ni maonyesho 140 kwa wiki. Uliza wastani wa watu kwa onyesho, wala usiulize idadi ya viti, maana ukumbi wa viti 200 unaweza kuwa na watu 30 siku ya kazi mchana. Kwa wastani wa watu 30, utakuwa umewafikia watu 4,200. Gawanya bei uliyotajiwa kwa idadi hiyo ndipo ulinganishe na redio, mabango au mitandao. Muuzaji anayekataa kutoa wastani wa tiketi zilizouzwa katika wiki zilizopita anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kabla ya kutia saini, pata majibu ya maandishi kwa maswali yafuatayo. Wiki ya matangazo inaanza siku gani, kwa kuwa kwa kawaida huanza siku ambayo filamu mpya zinaingia na si Jumatatu? Filamu uliyoichagua ikiahirishwa, au ikiondolewa mapema kwa kukosa watu, tangazo lako litahamia wapi? Mshindani wako wa moja kwa moja anaweza kuwekwa katika fungu lile lile? Na siku ya mwisho ya kupokea faili ni lini? Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu faili husafiri, hukaguliwa na kupakiwa kwenye seva, yaani kompyuta ya jumba inayochezesha filamu, kabla ya wiki kuanza, na hakuna anayekusubiri.

Hatua ya tatu: Pitisha wazo kwa wakaguzi likiwa bado kwenye karatasi

Usipige picha hata moja kabla ya kujua kwamba wazo lako linakubalika. Tangazo la sinema hupita kwenye vichujio viwili au vitatu: sheria ya nchi, bodi ya filamu au chombo cha kusimamia matangazo, na sera ya muuzaji mwenyewe. Kichujio cha tatu ndicho watu husahau. Mwezi Novemba 2015 ilifahamika kwamba kampuni ya DCM imekataa tangazo la Kanisa la Uingereza lililokuwa na Sala ya Bwana, kwa maelezo kwamba sera yake hairuhusu matangazo ya kidini wala ya kisiasa. Tangazo lilikuwa limekwisha kutengenezwa na lilikusudiwa kuonyeshwa msimu wa Krismasi. Halikuvunja sheria yoyote. Liligonga sera ya mwenye skrini.

Tumbaku ni habari iliyokwisha. Mwaka 1897 kampuni ya Thomas Edison ilitengeneza mojawapo ya matangazo ya kwanza kabisa ya filamu, nalo lilikuwa la sigara; leo Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi wanachama kupiga marufuku matangazo ya aina hiyo. Pombe huruhusiwa katika baadhi ya nchi kwa masharti ya umri wa watazamaji. Jambo la msingi ni kwamba tangazo lako halipaswi kuwa zito kuliko filamu linayoitangulia: likipewa daraja la watu wazima, haliwezi kuwekwa mbele ya filamu ya watoto, na hapo umejifungia mwenyewe mlango wa watazamaji wengi.

Muziki nao una mtego wake. Leseni uliyonunua kwa ajili ya runinga au intaneti kwa kawaida haigusi sinema, kwa sababu haki za muziki huuzwa kwa kila njia ya kuonyesha, kwa eneo na kwa muda. Soma mkataba wa leseni na utafute neno sinema ndani yake. Lisipokuwepo, rudi kwa mwenye haki. Waigizaji na msomaji wa sauti pia huenda walilipwa kwa runinga peke yake.

Hatua ya nne: Andika kwa ajili ya giza

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo pa kutumia muda. Mtazamaji wa sinema hahitaji umkamate kwa sekunde mbili za kwanza kama anayepitisha kidole kwenye simu, yupo tayari. Unachohitaji ni kustahili utulivu wake.

Chukua mfano wa fundi saa. Tangazo lake la runinga lina picha kumi na nne ndani ya sekunde thelathini: mlango wa duka, kabati, bei, tabasamu, namba ya simu inayopita chini, na muziki wa kuchangamsha mwanzo hadi mwisho. Kwa sinema ningeanza na skrini nyeusi. Mlio wa saa unasikika kushoto, kisha mwingine kulia, kisha nyingi nyuma ya vichwa vya watu, kila moja na mwendo wake. Ghafla zote zinanyamaza. Picha inafunguka: gurudumu moja la meno, pana kama ukuta, limesimama. Ncha ya kibano inaingia kutoka pembeni, inagusa, inatoka. Sekunde tatu za kimya. Gurudumu linaanza kuzunguka na mlio mmoja unarudi, katikati. Jina la duka linatokea, linakaa, basi. Hakuna aliyesema neno, na gharama ya kupiga picha hiyo ni ndogo kuliko ya zile kumi na nne.

Kutokana na mfano huo yanafuata mambo ya kuzingatia unapoandika. Kila picha ipewe muda mrefu kuliko ulivyozoea, kwa kuwa jicho lina safari ndefu ya kutembea kwenye skrini kubwa, na mikato ya haraka inayoonekana ya kusisimua kwenye kompyuta humchosha aliyekaa mbele. Kamera isizungushwe kwa kasi kutoka upande hadi upande, maana kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 moja moja zinazounda mwendo, picha hurukaruka. Epuka kutoka kwenye giza moja kwa moja hadi skrini nyeupe yote. Mboni za watazamaji zimefunguka na mwanga huo huwaumiza macho, nao watakukumbuka kwa hilo. Maandishi yawe machache na yakae karibu na katikati, kwa sababu aliye safu ya kwanza hawezi kuona kona zote mbili kwa pamoja, na aliye safu ya mwisho haoni herufi nyembamba. Kipimo changu ni rahisi: nasimama mita tatu kutoka kwenye kompyuta ndogo, nasoma kwa sauti mara mbili. Nikishindwa kumaliza, maandishi ni mengi au muda ni mfupi.

Namba ya simu iache. Simu ziko mfukoni na zimezimwa, au zinapaswa kuwa zimezimwa, na hakuna atakayeandika namba gizani. Jina la biashara na mahali inapopatikana vinatosha.

Mara kwa mara mteja huuliza kama inawezekana kuficha ujumbe katika fremu moja ili uingie akilini bila mtu kujua. Imani hiyo ilisambazwa na James Vicary, Mmarekani aliyedai mwaka 1957 kwamba alimulika maneno ya kuwahimiza watu kununua bisi na Coca-Cola katika sinema moja ya Fort Lee, New Jersey, na mauzo yakapanda. Mwaka 1962 alikiri kwamba jambo hilo lilikuwa ujanja wa kujitafutia soko. Usipoteze fremu yako.

Hatua ya tano: Tayarisha picha kwa vipimo vya sinema

Majumba ya kisasa hayachezi faili la video la kawaida. Hucheza kifurushi cha sinema ya kidijitali, ambacho mafundi wote hukiita DCP, kilichotokana na vipimo vilivyotolewa mwaka 2005 na muungano wa studio kubwa za Marekani. Ndani yake kila fremu ni picha inayojitegemea iliyogandamizwa kwa mfumo uitwao JPEG 2000, na sauti imekaa kando bila kugandamizwa.

Kwanza amua umbo la picha. Kuna maumbo mawili: flati, yenye pikseli (nukta zinazounda picha) 1998 kwa 1080, na skopu, ambayo ni pana zaidi, pikseli 2048 kwa 858. Muulize muuzaji analotaka. Mara nyingi matangazo hutakiwa kwa flati. Video ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, kwa hiyo ikiwekwa ndani ya flati hubaki ukanda mweusi wa pikseli 39 kila upande, ambao karibu hakuna anayeuona. Usiivute picha ili kuuziba ukanda huo, kwa kuwa nyuso za watu zitapanuka. Aliyepiga picha kwa umbo la wima la simu hana njia ya mkato: itabidi apige upya.

Pili ni kasi. Kiwango cha sinema ni fremu 24 kwa sekunde, hivyo tangazo la sekunde 30 ni fremu 720 kamili. Tangazo lililotengenezwa kwa fremu 25 lina fremu 750. Likipunguzwa kasi hadi 24 litachukua sekunde 31 na robo, sauti itashuka kidogo na kuwa nzito, na seva ya muuzaji huenda ikalikataa kwa kupita muda ulionunuliwa. Kama hujaanza kupiga picha, weka kamera kwenye fremu 24 tangu siku ya kwanza. Kama umekwisha kupiga, hariri upya kwa urefu wa fremu 720 badala ya kuachia programu ikuamulie.

Tatu ni rangi. Runinga na kompyuta hutumia mfumo mmoja wa rangi, sinema hutumia mwingine uitwao XYZ, na programu ya kutengeneza DCP ndiyo hubadilisha. Tatizo hutokea pale programu inapodhani faili lako lina weusi na weupe wa viwango vya kompyuta ilhali lina vya runinga, au kinyume chake. Matokeo yake ni ama weusi unaofanana na majivu, ama vivuli vinavyomezwa kabisa. Weka mwanzoni mwa faili la majaribio ukanda mweusi halisi ulio karibu na kivuli kizito. Ukiona tofauti kati ya ukanda huo na kivuli hicho kwenye skrini ya sinema, umesalimika. Kumbuka pia kwamba weupe wa sinema ulio sahihi una mwangaza wa kandela 48 kwa mita ya mraba, kiasi kidogo sana ukilinganisha na simu au kompyuta. Picha za usiku zilizosahihishwa kwenye kompyuta yenye mwanga mkali zitakuwa giza tupu ukumbini. Zisahihishe chumba kikiwa na giza na mwanga wa kompyuta ukiwa umepunguzwa.

Hatua ya sita: Tayarisha sauti, na umlipe fundi sauti

Ukiwa na fedha ya kumlipa mtaalamu mmoja tu, mlipe wa sauti. Picha iliyopungua kidogo husamehewa. Sauti mbovu katika ukumbi wenye spika kila upande humfanya kila mtu ageuke kumtazama jirani yake.

Sauti ya runinga kwa kawaida ina chaneli mbili, kushoto na kulia. Nyumbani spika hizo zimekaribiana, na sauti ya msemaji huonekana kutoka katikati. Ukumbini zimetenganishwa kwa mita nyingi. Aliyekaa kando ya ukuta wa kushoto atamsikia msemaji akitoka kushoto, huku midomo yake ikisogea katikati ya skrini. Dawa yake ni kuweka maneno yote kwenye chaneli ya kati, muziki kushoto na kulia, na kuacha spika za nyuma kwa mazingira, kama zile saa za fundi wetu. Mpangilio wa chaneli sita ndani ya kifurushi ni kushoto, kulia, kati, besi, kushoto nyuma, kulia nyuma. Upangaji wake ukikosewa, msemaji wako huweza kuhamia kwenye spika ya besi na kubaki mngurumo. Limenitokea mimi mwenyewe, mbele ya mteja na mke wake.

Faili za sauti ziwe za biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Kuhusu ukubwa wa sauti, usitumie kipimo cha runinga. Sinema hutumia kipimo kiitwacho Leq(m), ambacho hupima wastani wa sauti kwa urefu wote wa tangazo na kuhesabu zaidi masafa yanayoudhi sikio. Kikomo cha matangazo kinachofuatwa na wengi ni desibeli 82, kilichowekwa na SAWA, chama cha dunia cha matangazo ya sinema kilichoundwa mwaka 1953, ambacho ndicho mwaka uliofuata kilichoanzisha huko Venice tamasha la filamu za matangazo linalojulikana leo kama Cannes Lions. Trela hupewa kikomo cha 85. Kwa kuwa Leq(m) ni wastani, una uhuru: tangazo lenye sekunde kumi za kimya linaweza kuwa na mlipuko mmoja mkubwa na bado likapita, ilhali lenye muziki mzito mfululizo litalazimika kushushwa lote. Mtu anayejaza kila sekunde kwa kelele anajinyima nguvu mwenyewe.

Jambo moja zaidi ambalo karatasi za vipimo hazilitaji. Vifaa vya sauti vya sinema vina namba 7 kama kiwango cha kawaida, lakini waendeshaji wengi huteremsha sauti chini ya hapo, hasa wakati wa matangazo, kwa sababu watazamaji walilalamika. Hivyo maneno yako yawe wazi hata sauti ikishushwa. Usiyazike chini ya muziki ukitegemea nguvu ya spika.

Hatua ya saba: Funga kifurushi na ukitume

Kifurushi unaweza kutengenezewa na studio, au ukakitengeneza mwenyewe kwa programu ya bure iitwayo DCP-o-matic. Wakati wa kutengeneza, chagua aina ya maudhui kuwa tangazo, ili jina la kifurushi liwe na herufi ADV. Zikiandikwa FTR, mwendeshaji atadhani ni filamu kamili. Usikifunge kwa ufunguo wa siri. Filamu hufungwa hivyo, na kila seva hupewa ufunguo wake wenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kwa tangazo la sekunde 30 ni kujitafutia balaa, kwani ufunguo mmoja ukikosewa tangazo halichezi.

Kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha megabiti 250 kwa sekunde, sekunde 30 za picha hazifiki gigabaiti moja, kwa hiyo kifurushi hutumwa kwa urahisi kwa intaneti. Tuma folda nzima. Faili zilizo ndani yake zinatajana kwa majina na kwa alama za uhakiki, hivyo ukibadilisha jina la faili moja tu, au ukafuta lile linaloonekana halina maana, seva itakataa kifurushi chote. Ukitaka kurekebisha hata herufi moja ya tangazo, tengeneza kifurushi kipya chenye jina jipya na tarehe mpya. Ukitumia diski, uliza mfumo unaokubalika, maana seva nyingi za sinema huendeshwa kwa Linux na baadhi haziisomi diski iliyotayarishwa kwa kompyuta ya aina nyingine.

Hatua ya nane: Jaribu ukumbini asubuhi

Omba dakika kumi asubuhi kabla ya onyesho la kwanza. Majumba mengi hukubali, hasa ukimwendea mwendeshaji kwa heshima na kufika kwa wakati. Tazama mara tatu: ukiwa safu ya kwanza, safu ya mwisho, na kiti cha pembeni kabisa. Mara ya kwanza angalia maandishi, mara ya pili vivuli na rangi za ngozi, mara ya tatu fumba macho usikilize tu. Omba lichezwe likiwa limetanguliwa na kufuatiwa na kitu kingine, ili uone kama sekunde ya kwanza ya sauti inakatwa. Ikikatwa, ongeza fremu chache za kimya mwanzoni, ndani ya muda uliolipia.

Hatua ya tisa: Fuatilia uchezaji

Kila seva ya sinema huandika kumbukumbu ya kilichochezwa, saa na sekunde. Omba ripoti hiyo kila wiki, wala usingoje mwisho wa mkataba, na uilinganishe na idadi ya maonyesho uliyolipia. Mtume pia mtu anunue tiketi siku mbili tofauti bila kutoa taarifa: kumbukumbu itakuambia kwamba tangazo lilichezwa, lakini haitakuambia kwamba lilichezwa taa zote zikiwa zimewaka. Maonyesho yakikosekana, dai yafidiwe katika wiki zinazofuata, kwa barua yenye tarehe, skrini na saa.

Mwishoni hakikisha tangazo linaondolewa. Vifurushi vya zamani hubaki kwenye seva na huweza kurudi kwenye orodha kwa bahati mbaya, na ofa iliyokwisha muda ikionyeshwa tena ni wewe utakayekabiliana na wateja mlangoni. Barua fupi siku mbili kabla ya mkataba kuisha, inayotaja jina kamili la kifurushi kama lilivyo kwenye seva, inatosha.